Video fupi ya habari: uongee, uonyeshe, uchunguze au uigize?

Waandishi wanaoingia kwenye video fupi huniuliza kwanza waweke wapi: TikTok, Reels za Instagram au Shorts za YouTube. Huwa nawarudisha nyuma hatua moja. Video ya wima ya sekunde 80 inaweza kupakiwa kote kutatu kwa dakika chache, na mtazamaji asione tofauti yoyote. Uamuzi mzito ni ule uliotangulia, ambao wengi huufanya bila kujua kwamba wameufanya: kuongea mbele ya kamera, kuonyesha tukio lenyewe, kuchunguza picha zilizopigwa na wengine, au kuigiza. Kila njia inadai ushahidi wake, ina watu inaoweza kuwaumiza, na ukikosea ina ugumu wake wa kusahihishwa.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usihangaike kuutafuta: angalia kwanza una nini mkononi, ndipo uchague njia. Mwenye uelewa wa jambo lakini hana picha asijifanye yuko kwenye tukio. Mwenye picha zinazojieleza asizifunike kwa uso wake.

Ufupi siku hizi si kisingizio. Vine, programu ya video fupi iliyokwisha kufungwa, ilipoanza mwaka 2013 ilikupa sekunde 6 tu. TikTok iliruhusu dakika 3 Julai 2021, kisha dakika 10 Februari 2022. Shorts za YouTube zikapanda hadi dakika 3 Oktoba 2024, na Reels za Instagram zikafuata Januari 2025. Anayekukatiza sasa ni kidole gumba cha mtazamaji. Na watazamaji wapo: kwa mujibu wa kituo cha utafiti cha Pew, watu wazima wa Marekani wanaopata habari TikTok mara kwa mara walikuwa asilimia 3 mwaka 2020, na kufikia 2025 walikuwa asilimia 20. Taasisi ya Reuters iliyoko Oxford nayo iliona mwaka 2023 kwamba kwenye TikTok, Instagram na Snapchat watu huwasikiliza watu mashuhuri na wenye wafuasi wengi kuliko waandishi wa habari. Kwa hiyo ukiingia utakuta kuna mtu ameshalizungumzia jambo lako, pengine kwa kujiamini kuliko wewe, na bila kupiga simu hata moja.

Vigezo nilivyotumia

Njia zote nne nimezipima kwa mambo matano:

- Ushahidi: mtazamaji anaona nini kwa macho yake, na nini anaombwa tu aamini?
- Kazi: inahitaji muda, watu na vifaa vya kiasi gani?
- Muktadha: mtu asiyekupenda akiipakua, akaikata na kuipakia upya, kinabaki nini?
- Hatari: nani anaweza kuumia, wewe au uliyemrekodi?
- Kusahihisha: ukikosea, unarudije?

Idadi ya waliotazama nimeiacha nje kwa makusudi. Tangu 31 Machi 2025, YouTube huhesabu mtazamo kila Short inapoanza kucheza au kurudiwa, bila kujali mtu amekaa sekunde ngapi. Ukitaka kipimo chenye faida, soma maoni: watu wanauliza swali linalofuata, au wanauliza lile ulilodhani umelijibu?

1. Kuongea mbele ya kamera

*Ushahidi.* Mtu mmoja, uso karibu na lenzi, anafafanua jambo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba uso unaojiamini hufanana sana na ukweli. Muongo naye anao. Dawa yake ni kuleta chanzo kwenye skrini: ukurasa wa hukumu, jedwali la bajeti, ramani, huku mstari unaousoma umepakwa rangi. Ile skrini ya kijani inayokuweka mbele ya hati watu huichukulia kama pambo, lakini kwenye video fupi inafanya kazi ya tanbihi. Jina la hati na tarehe yake vionekane, na hati ikae muda wa kutosha mtu kuisimamisha video na kuisoma mwenyewe.

*Kazi.* Hakuna nafuu kuliko hii. Simu, mwanga wa dirishani, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo. Kazi ngumu iko kwenye maandishi. Kwa kipimo changu, dakika moja ya Kiswahili kisichokimbizwa hubeba maneno 110 hadi 130, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Anayeiga kasi ya Waingereza atawachosha wasikilizaji wake. Usianze na salamu wala "leo nitawazungumzia". Anza na jambo lenyewe: "Sheria imepitishwa, ila kifungu kinachokuhusu hakijaanza kutumika." Kisha isome hati yako kwa sauti, sentensi yoyote inayokuishia pumzi, igawe.

Kwamba njia hii inaweza kubeba habari nzito si jambo la kubishania. Hugo Travers wa Ufaransa, anayejulikana kama HugoDécrypte, alianza mwaka 2015 kwa kuwafafanulia vijana habari za siku kwenye YouTube, na mwaka 2023 Rais Emmanuel Macron alikaa naye kwa mahojiano.

*Muktadha.* Hapa ndipo wengi hujikwaa. Chukua mwandishi anayekanusha uvumi hivi: "Dawa hii inasababisha upofu. Hivyo ndivyo watu wanavyosema, na si kweli." Mtu akiikata baada ya sentensi ya kwanza, ana video yako ukiunga mkono uongo kwa sauti yako na uso wako. Ukanushaji uingize ndani ya sentensi ileile: "Madai kwamba dawa hii inasababisha upofu hayana ushahidi." Haina mvuto kama ile ya kwanza, najua. Lakini haikatiki. Mimi husoma kila sentensi ya hati yangu peke yake, kana kwamba ndiyo pekee itakayosalia, na zisizostahimili jaribio hilo nazivunja upya.

*Hatari.* Inakuangukia wewe. Uso wako ndio anwani ya matusi, hasa ukiwa mwanamke, na kuna siku utahitaji mtu mwingine akusomee maoni.

*Kusahihisha.* Ni rahisi, kwa kuwa uso uliokosea ndio unaorudi kusema ulikosea wapi. Picha na sauti ya video iliyokwisha kupakiwa huzifumui kama unavyofumua makala ya maandishi. Kosa dogo, bandika maoni ya masahihisho juu ya mengine. Kosa linalobadilisha maana, iondoe ile ya kwanza, kisha upakie nyingine inayotaja kosa kwa jina lake.

*Inamfaa* mwandishi anayefuatilia eneo moja kwa muda mrefu (mahakama, afya, uchumi, mazingira) na anayefanya kazi peke yake. Haimfai anayepokezana mada kila siku, maana njia hii inaishi kwa imani, na imani hujengwa kwenye jambo moja kwanza.

2. Kuonyesha tukio

*Ushahidi.* Mwenye macho haambiwi tazama. Darnella Frazier alikuwa na miaka 17 aliporekodi kifo cha George Floyd chini ya goti la polisi mjini Minneapolis, 25 Mei 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia tatizo la kiafya lililompata mtu wakati wa kukamatwa. Video ikaonyesha mengine kabisa, na mwaka uliofuata bodi ya Pulitzer, ile ya tuzo za uandishi za Marekani, ilimpa Frazier tuzo maalumu.

Urefu wa video ile ulikuwa takriban dakika 10. Nguvu yake ilitoka kwenye muda: mtazamaji anaona dakika zinapita, watu wanasihi, na hakuna kinachobadilika. Mhariri wa video fupi angekuwa wa kwanza kuikata. Kwa hiyo unapopakia sekunde 40 za tukio, sema wazi kwamba ni kipande, taja urefu wa rekodi yote, na iweke nzima mahali ambapo mwenye shaka anaweza kuiona. Kila ulipokata paonekane pamekatwa. Ule mruko wa picha unaofichwa kwa madoido ndio unaokuja kukuumbua.

Ipo pia namna ya mwandishi kuwa mkazi wa habari yenyewe. Bisan Owda alirekodi maisha ya Gaza kuanzia Oktoba 2023, akifungua kwa kutaja jina lake, mahali alipo, na kwamba bado yu hai. Kazi yake na AJ+, chaneli ya mtandaoni ya Al Jazeera, ilishinda tuzo ya Peabody na ya Emmy za habari mwaka 2024. Salamu ile ilitangaza nani anasema, kutoka wapi, na kwamba hana umbali wowote na jambo analolisimulia. Mtazamaji akishajua hayo anaweza kupima mwenyewe.

*Kazi.* Sharti uwe pale, basi. Mengine ni nidhamu ya mkono: shikilia picha sekunde 10 bila kutikisa, rekodi sauti ya mahali hata ukiwa kimya, na piga wima tangu mwanzo. Picha ya mlalo ikikatwa kuwa ya wima kwa kimo chake kilekile, zaidi ya theluthi mbili ya eneo lake linapotea, na mara nyingi ndimo alimokuwa yule aliyesukuma. Acha nafasi chini na kulia, kwa sababu vitufe na maelezo ya programu hufunika huko. Nimewahi kupoteza jina la mhojiwa chini ya kitufe cha kupenda.

*Muktadha.* Ndiyo njia dhaifu kuliko zote kwa kigezo hiki. Video ya mafuriko ya mwaka fulani hurudi miaka mitatu baadaye ikiwa mafuriko ya nchi nyingine. Mahali, tarehe na saa viwe maandishi ndani ya picha yenyewe. Ukiviandika kwenye maelezo ya chini, vitabaki nyuma siku video itakapopakuliwa.

*Hatari.* Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa gharama humwangukia asiye na akaunti wala wafuasi. Mtu aliyekubali "kuhojiwa kwa habari" huenda amekubali gazeti; hakukubali wageni milioni moja wamwandikie maoni kuhusu meno yake. Muonyeshe kwenye simu yako jinsi kipande kitakavyoonekana na aina ya maoni yanayokuja chini ya video za namna hiyo, ndipo umuulize tena. Ukimficha sura, ukungu uwe sehemu ya faili uliyohariri, kisha uipitie fremu kwa fremu: fremu moja aliyogeuza kichwa inatosha kumtambulisha. Kagua vioo, madirisha, sare za shule, namba za gari. Sauti iliyobadilishwa kwa kushushwa au kupandishwa inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Salama zaidi maneno yake yasomwe na mtu mwingine, na useme hivyo. Kama mahali alipo panaweza kumletea watu mlangoni, subiri aondoke ndipo upakie. Wazo la kwamba video fupi lazima itoke papo hapo limeshaumiza watu wengi.

*Kusahihisha.* Ni vigumu. Ukikosea mahali au tarehe, nakala zilizokwisha kusambaa hazikusikilizi. Iondoe, eleza, na uwaandikie waliokunukuu kwa wingi.

*Inamfaa* aliye karibu na tukio na mwenye subira ya kurekodi bila kujiweka mbele. Anayefika yote yamekwisha asijilazimishe. Kusimama mbele ya majivu ukisimulia ni njia ya kwanza iliyovaa nguo za njia ya pili.

3. Kuchunguza picha za wengine

*Ushahidi.* Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume wenye silaha wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Cameroon iliikana na kuiita habari ya uongo. BBC Africa Eye, timu ya uchunguzi ya BBC, wakishirikiana na wachunguzi wa vyanzo vya wazi (wanaotumia picha na taarifa zilizo wazi kwa kila mtu), waliitazama upya wakiangalia visivyotazamwa na wengine. Sekunde 40 za mwanzo zinaonyesha safu ya milima kwa nyuma. Wakalinganisha umbo la vilele na picha za Google Earth hadi wakafika karibu na Zelevet, kaskazini mwa nchi. Majengo yaliyomo kwenye video yalionekana katika picha za setilaiti za tarehe fulani na kukosekana katika nyingine, hivyo kipindi kikabanwa. Vivuli vya watu njiani vikafanya kazi ya saa ya jua. Jibu likaja: kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Uchunguzi ulitoka Septemba 2018, na miaka miwili baadaye wanajeshi wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Naueleza kwa kirefu kwa sababu watu hudhani uchunguzi ni wa filamu ya saa nzima. Hebu utazame tena: mlima kushoto, mlima kulia, mstari unaofuata vilele. Hiyo ni sekunde 15, na mtazamaji amehakiki mwenyewe bila kuombwa akuamini. Kila hatua ina umbo la video fupi tayari. Kwa maoni yangu hakuna aina ya uandishi iliyobahatika zaidi na skrini ndogo, na bado ni wachache wanaoijaribu.

*Kazi.* Nzito. Vifaa vingi ni vya bure: Google Earth yenye picha za miaka ya nyuma, kutafuta kwa picha, SunCalc kwa pembe za jua. Kinachokula ni muda na watu. Wanahitajika wawili angalau, mmoja anajenga hoja na mwingine anaibomoa. Hifadhi nakala ya kila kitu siku unapokiona, kwani kesho kinaweza kuwa kimefutwa. Usitegemee pia taarifa za ndani ya faili uliyoipakua mtandaoni. Programu nyingi huziondoa. Mtafute aliyepiga picha, umwombe faili halisi.

*Muktadha.* Inastahimili kukatwa kuliko nyingine, kwa kuwa kila kipande kinabeba ulinganisho wake. Ila toa viwango vya uhakika kwa maneno: "mahali tumethibitisha, nani alirekodi, hatujathibitisha." Maneno hayo yakae kwenye skrini muda wote wa sehemu inayohusika.

*Hatari.* Huanzia kwa mhariri mwenyewe. Anayetazama kifo mara 60 akitafuta kivuli anabeba mzigo. Zima sauti kwanza, punguza ukubwa wa dirisha, na mpokezane. Mtazamaji naye hahitaji kuona mauaji ili auone mlima. Kuna hatari ya tatu isiyozungumzwa sana: unapowaonyesha watu jinsi ulivyopata mahali, huenda unawaonyesha pia alikosimama aliyerekodi, na pengine ndipo nyumbani kwake. Ikiwa ndivyo, hatua hiyo uiruke na ueleze kwamba umeiruka.

*Kusahihisha.* Mahali ukikosea, unarekebisha. Mtu ukikosea, hapana marekebisho yanayotosha. Baada ya milipuko ya mabomu kwenye mbio za Boston, Aprili 2013, watumiaji wa jukwaa la Reddit walimtaja kijana asiyehusika kabisa, na familia yake ikavamiwa kwa maneno ya kikatili. Kwenye video fupi sitaji jina la mshukiwa kwa msingi wa sura pekee, hata kama wote chumbani wanaapa kwamba ndiye.

*Inamfaa* mvumilivu, timu ndogo yenye mhariri asiyeogopa kusema "bado". Kwa mwenye tarehe ya mwisho ya saa mbili kutoka sasa, hapana.

4. Kuigiza

*Ushahidi.* Haupo. Igizo halithibitishi kitu, linaeleza tu. Ukilikubali hilo utalitumia vizuri. Dave Jorgenson alipoanzisha akaunti ya TikTok ya Washington Post mwaka 2019 alicheza nafasi nyingi mwenyewe, akibadili nguo na kujibizana na nafsi yake, na gazeti lililoanza mwaka 1877 likapata watazamaji ambao hawajawahi kushika karatasi yake. Nguvu ya njia hii ni kwenye michakato inayochosha: muswada unavyozunguka kamati, riba inavyopanda, rufaa inavyofanya kazi. Mmoja awe benki kuu, mwingine mkopaji, na mazungumzo yao yabebe maelezo ambayo kwa sauti ya kawaida yangemlaza mtu.

*Kazi.* Kurekodi ni rahisi, kuandika ni kugumu. Kichekesho kibovu kuhusu bajeti ni kibaya kuliko bajeti yenyewe. Na usijenge habari juu ya wimbo unaovuma: mwanzoni mwa 2024 kampuni ya muziki ya Universal Music Group iliondoa nyimbo zake TikTok kwa takriban miezi mitatu, na video zilizozitumia zikabaki bubu.

*Muktadha.* Kejeli ikitoka nje ya akaunti yako hupoteza alama. Kama tukio linaloigizwa linaweza kudhaniwa la kweli, neno "igizo" libaki kwenye picha mwanzo hadi mwisho. Siku hizi video za kutengenezwa na akili bandia zimejaa, na sioni sababu ya mwandishi kuongeza mkanganyiko.

*Hatari* iko kwenye mada. Vifo, ubakaji, njaa: usiguse. Mcheke mwenye madaraka na taratibu zake, usimcheke anayepanga foleni.

*Kusahihisha.* Watu hukumbuka utani na kusahau masahihisho, kwa hiyo hakiki hati kabla ya kurekodi kwa ukali uleule wa makala ya uchunguzi.

*Inamfaa* mwenye kipaji hicho kweli. Wenzako wakikuchekea kwa heshima tu, rudi namba moja.

Vipi kuhusu mfululizo?

Wengine huuhesabu kama njia ya tano. Kwangu ni namna ya kupanga yoyote kati ya hizo nne pale jambo linapokuwa kubwa. Usisahau tu kwamba algoriti humletea mtu sehemu ya tatu kabla ya ya kwanza, na huenda asizione nyingine kamwe. Kila sehemu ifungue kwa sentensi moja inayosema tuko wapi, na iwe na jambo moja kamili ndani yake. Ile tabia ya kukatiza katikati ya jibu ili watu "wafuatilie sehemu ya pili" inafaa tamthilia. Kwenye habari ni kumnyima mtu taarifa makusudi.

Programu gani, sasa?

Tofauti zipo, ila ni ndogo kuliko zinavyosemwa. Viungo kwenye maelezo ya TikTok na Instagram havibonyezeki, na vya Shorts vilizimwa 31 Agosti 2023 kwenye maelezo na maoni, kwa hiyo makala ndefu iwekee kiungo kwenye wasifu wako. Shorts zina nafuu moja: unaweza kuunganisha kipande na video yako ndefu iliyoko YouTube. Zote tatu hukuruhusu kujibu maoni ya mtu kwa video mpya, na kwa njia ya kwanza hiyo ni hazina, kwani swali la mtazamaji linakuwa kichwa cha habari yako inayofuata. Na hifadhi nakala safi ya kila kazi, isiyo na nembo ya programu yoyote. India ilipoifungia TikTok Juni 2020, walioishi humo tu walianza upya.

Uchague vipi kwa hali yako

*Una hati nzuri na huna picha.* Ongea, na hati ionekane kuliko wewe.

*Uko kwenye tukio sasa hivi.* Rekodi kwa kirefu na unyamaze. Pakia kipande kifupi baadaye, chenye tarehe na mahali ndani ya picha.

*Umetumiwa video kali usiyojua ilikotoka.* Ukiwa na siku kadhaa na mwenzako wa kukupinga, chunguza. Ukiwa na saa moja, fanya video ya kuongea ya "tunachojua na tusichojua", bila kuirusha ile video yenyewe.

*Shahidi wako yuko hatarini.* Achana na njia ya pili hata kama ana picha zinazotisha. Maneno yake yasomwe na mwingine juu ya ramani, michoro au hati.

*Jambo ni muhimu ila linachosha.* Jaribu igizo la sekunde 50, halafu sekunde 15 za mwisho vua vazi, ongea kama mwandishi, onyesha hati.

*Mko watu wawili au watatu kwenye chumba kidogo cha habari.* Mmoja ashike njia ya kwanza mara mbili kwa wiki ili akaunti isipoe, wengine wafanye uchunguzi mmoja kwa mwezi. Msibadilishane kila wiki; mtazamaji anazoea sura.

*Uko peke yako, na simu moja.* Chagua eneo moja la habari kwa miezi mitatu, ongea mbele ya kamera, na kila video iwe na chanzo kimoja kinachoonekana. Siku tukio litakapotokea ndani ya eneo hilo, utakuwa tayari na namba za simu za kupiga na watu wanaojua uso wako. Hapo ndipo utoke nje ukaonyeshe.